Mlo usio na nyama: Wataalamu wa lishe wanasemaje?

Na Tabibu Wetu

 

Wiki hii tuzungumzie suala ambalo limeingia katika nyumba zetu kwa kasi. Zamani mtu akisema hali nyama, tulijua moja kwa moja kuwa ni jirani yetu Mhindu mwenye kufuata mila za dini yake. Siku hizi hata Waislamu wamo. Yupo aliyeacha kwa sababu ya presha, yupo aliyeacha kwa sababu ya jongo, na yupo aliyesikia kwenye simu kuwa nyama, mayai na maziwa vyote ni sumu. Wengine huacha wao peke yao. Wengine huiachisha nyumba nzima, pamoja na mke mjamzito na mtoto anayenyonya.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na nitaanza na tukio ambalo mimi mwenyewe nina kosa ndani yake.

Swali ambalo sikuliuliza

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ya huku pwani. Aliletwa mtoto wa miezi tisa. Mama yake alieleza kuwa mtoto alikwishaanza kukaa mwenyewe, kisha akaacha. Kichwa kilikuwa kinalegea, hacheki, hashiki kitu, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikaona ni upungufu wa damu kama tunaouona kila siku, nikamwandikia dawa ya maji ya kuongeza damu, nikamwambia mama amrudishe baada ya wiki mbili.

Aliporudi, mtoto alikuwa amezidi kulegea. Nikampa rufaa. Huko hospitali daktari alimgeukia mama na kumuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: “Wewe mwenyewe unakula nini?”

Mama akaeleza. Mumewe aliambiwa ana presha, na kaka yake alikuwa amepatwa na kiharusi. Akaogopa, akaacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa kuwa chungu ni kimoja, nyumba nzima ikaacha. Mama huyu alikuwa na zaidi ya miaka minne hajaonja chochote kitokanacho na mnyama. Katika hali hiyo alishika mimba, akajifungua, akawa ananyonyesha. Maziwa yake yalikuwa yakitoka vizuri, lakini hayakuwa na vitamini B12 ya kumtosha mtoto. Dawa yangu ya madini ya chuma isingeweza kuziba pengo hilo.

Mtoto alichomwa sindano za vitamini B12. Mama aliniambia kuwa baada ya siku chache tu alimwona anamfuata kwa macho na kucheka. Alhamdulillah. Lakini alichelewa kutembea, na kuzungumza kwake bado ni kwa shida. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila vitamini hiyo, si kila kilichoharibika hurudi.

Na yule baba je? Presha yake ilikuwa imeshuka kweli, na uzito umepungua. Kwa upande wake hakuwa amekosea. Kosa ni kudhani kuwa kinachomfaa mwanamume wa miaka hamsini mwenye presha kinamfaa pia mtoto wa miezi tisa.

Kuna aina ngapi za wasiokula nyama?

Kabla ya kusikiliza wataalamu, tutenganishe makundi, kwa sababu watu huyachanganya.

Kundi la kwanza hawali nyama nyekundu wala kuku, lakini wanakula samaki na dagaa. Kundi la pili hawali nyama wala samaki, ila wanatumia maziwa na mayai. Kundi la tatu wanatumia maziwa tu, mayai hawali. Wahindu wengi wanaofuata mila hii wako hapa. Kundi la nne hawatumii chochote kilichotoka kwa mnyama, hata maziwa, mayai na samli. Hilo ndilo lililo gumu zaidi kulipanga, na ndilo aliloliingia yule ndugu bila ya kumuuliza mtu.

Wanavyosema wataalamu wa lishe

Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani, ambacho tangu mwaka 2012 kinaitwa Academy of Nutrition and Dietetics, kimekuwa kikitoa msimamo juu ya suala hili kwa miongo kadhaa. Katika msimamo wake wa mwaka 2009 na ule wa mwaka 2016 kilisema kuwa mlo usio na nyama, hata ule usio na kitu chochote cha mnyama, unaweza kumtosha mtu wa rika lolote, akiwemo mjamzito, anayenyonyesha na mtoto, na unaweza kusaidia kukinga baadhi ya maradhi. Lakini kiliweka sharti moja: mlo huo uwe umepangwa vizuri.

Mwaka 2025 chama hicho kilitoa msimamo mpya. Safari hii kimezungumzia watu wazima tu, wasio wajawazito na wasionyonyesha. Kwao kimesema mlo huo unatosha ukipangwa, na una manufaa kwa moyo na kwa sukari ya damu. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hawakuingizwa katika maelezo hayo.

Wataalamu wa Uingereza, kupitia British Dietetic Association, nao wanakubali kuwa mlo usio na kitu cha mnyama unaweza kumfaa mtu wa umri wowote, kwa sharti lile lile la kupangwa. Wajerumani walikuwa wakali zaidi. Mwaka 2016 jumuiya yao ya lishe ilisema haishauri mlo wa kundi la nne kwa wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua. Mwaka 2024 ililegeza kidogo: kwa mtu mzima mwenye afya mlo huo unaweza kuwa mzuri akitumia vidonge vya vitamini B12 na kuangalia virutubisho vingine, kwa mama na mtoto haikusema ndiyo wala hapana, kwa kuwa ushahidi uliopo ni mdogo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, linashauri mtoto apate kila siku chakula kitokanacho na mnyama, yaani nyama, samaki au mayai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mtu anasema “wataalamu wamesema nyama haina haja”, mwambie amalizie maneno. Wamesema inawezekana kuiacha, ukipanga. Na wanapofika kwa mama na mtoto, sauti zao hazifanani.

Faida zipo, na mipaka ipo

Tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Faida zipo. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa takriban miaka 18. Wasiokula nyama walipata maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba kwa mishipa kwa asilimia 22 chini ya walaji nyama. Waliokula samaki bila nyama nao walipungukiwa, kwa asilimia 13. Lakini wale wasiokula nyama walipata kiharusi kwa asilimia 20 zaidi. Mwaka uliofuata, watafiti hao hao walionyesha kuwa wa kundi la nne walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya walaji nyama. Sababu mojawapo inayotajwa ni upungufu wa madini ya chokaa (kalsiamu) na protini.

Kuhusu nyama yenyewe, mwaka 2015 taasisi ya saratani iliyo chini ya WHO iliziweka nyama za viwandani, kama soseji na nyama za makopo, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha. Ni sababu nzuri ya kumwambia kijana wako apunguze soseji za jioni barabarani. Si sababu ya kumnyima mtoto yai.

Tena tukumbuke kuwa kuacha nyama peke yake si afya. Chipsi na soda havina nyama ndani yake. Mandazi na chai ya sukari nyingi havina nyama. Wali mweupe na mchuzi wa nyanya asubuhi, mchana na jioni hauna nyama. Mtu anaweza kula hivyo mwaka mzima, akajiita mla mboga, na mboga yenyewe haioni.

Na wengi wetu hatuli nyama kwa sababu hatuna cha kununulia. Mlo wa kukosa si mlo wa kupanga. Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Nyumba yenye hali hiyo ikiambiwa iache na lile yai moja la wiki, haikusaidiwa.

Vitu vinne vya kuvichunga

Cha kwanza ni vitamini B12. Vitamini hii hutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Hutengenezwa na bakteria, na sisi tunaipata kupitia nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Maharage, mchicha na matunda havina ya kutegemewa. Mwani, togwa na vinywaji vya kuchachusha vya nafaka pia visitegemewe, japokuwa utasikia wauzaji wakivisifia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6 na anayenyonyesha 2.8. Kikombe kimoja cha maziwa au mtindi kina takriban 1.2, na yai moja takriban 0.5. Hivyo anayekunywa vikombe viwili vya maziwa kila siku amejitosheleza. Asiyekunywa kabisa, wala hali yai wala samaki, lazima atumie vidonge.

Hatari yake ni kwamba ini la mtu mzima huhifadhi akiba ya vitamini hii kwa miaka kadhaa. Mtu huacha vyote, akakaa mwaka, miwili, mitatu, akasema “mbona mimi mzima?” Kumbe anakula akiba. Ikiisha huanza ganzi na kuwaka moto miguuni, ulimi kuuma, uchovu na usahaulifu. Mtoto mchanga hana akiba ya miaka. Na asidi ya foliki, iliyojaa katika mboga za majani, inaweza kuificha dalili ya damu huku mishipa ikiendelea kuumia.

Wapo wanaouliza kuhusu uhalali wa vidonge. Vitamini B12 ya dukani hutengenezwa kwa kutumia bakteria, lakini ganda la kapsuli laweza kuwa la jelatini ya mnyama, wakati mwingine nguruwe. Mwombe mfamasia kidonge kikavu kisicho na ganda, na usome maandishi ya boksi.

Cha pili ni madini ya chuma. Maharage, dengu, choroko, mchicha na kisamvu vinayo, lakini mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki. Tiba yake imo jikoni mwetu. Kamulia ndimu kwenye maharage, kula chungwa, pera au papai pamoja na chakula. Vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia mwilini. Na adui yake pia tunaye mezani: chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana ufyonzaji. Iache hadi saa moja au mbili baada ya kula. Hili mama zetu walizingatie hasa wakati wa futari.

Cha tatu ni protini. Zamani ilisemwa lazima nafaka na maharage viliwe katika sahani moja ili vikamilishane. Sasa wataalamu wanasema inatosha kuvipata ndani ya siku hiyo hiyo. Ugali kwa maharage, wali kwa choroko, chapati kwa dengu, mihogo kwa mbaazi za nazi. Wazee wetu walikwishatupangia. La kuepuka ni kula wanga mtupu.

Cha nne ni kalsiamu, zinki na madini joto. Asiyekunywa maziwa ale ufuta, mboga za majani kama sukuma wiki, na dagaa wazima ikiwa samaki anakula. Zinki ipo katika mbegu za maboga, karanga na jamii ya kunde. Madini joto yapatikane katika chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina madini hayo.

Usafi wa jikoni la mboga

Safu hii ni ya afya na usafi, kwa hiyo tusilisahau jikoni. Maharage na kunde zilowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha zichemshwe kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Kuloweka hupunguza gesi tumboni na hupunguza vile vitu vinavyozuia madini kufyonzwa. Maharage mekundu yasipoiva vizuri huleta kutapika na kuharisha. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu muhogo na majani yake yana sumu inayotoka kwa matayarisho.

Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, yasipewe hata kuku. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Anayeacha nyama huongeza karanga na nafaka, basi aongeze na uangalifu. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na mikono kwa sabuni kabla yake.

Dini yetu inatuelekeza wapi?

Sisi tuliokaa madrasa tulifundishwa kuwa Mtume (SAW) na watu wa nyumba yake hawakuwa wakila nyama kila siku. Tende, maji, maziwa na mkate wa shayiri ndivyo vilivyokuwa vyakula vya siku nyingi. Kwa hiyo kupunguza nyama si jambo geni kwetu, na Surat Al-A'raf, aya ya 31, inatukataza israfu katika kula na kunywa. Asiyependa nyama hakulazimishwa kuila.

Ila kuna tofauti kati ya kuacha na kuharamisha. Surat Al-Maidah, aya ya 87, inatuonya tusijiharamishie vizuri ambavyo Allah (SW) ametuhalalishia. Na Surat An-Nahl inayataja maziwa ya wanyama kuwa ni neema na mazingatio kwetu. Basi anayesema maziwa na mayai ni sumu kwa kila mtu, atuletee ushahidi. Mke na watoto ni amana, na chakula chao ni katika haki zao.

Ufanye nini nyumbani kwako?

Kwanza, kama wewe ni mtu mzima na daktari amekushauri upunguze nyama, fanya hivyo bila hofu. Badala yake weka kunde, mboga, matunda na, kama unaweza, samaki. Dawa zako za presha au kisukari usiziache bila kumuona aliyekuandikia.

Pili, kama umeacha kila kitu cha mnyama, tumia vidonge vya B12 na ukapime damu.

Tatu, mama mjamzito na anayenyonyesha asiingizwe katika mlo huo kwa kuwa tu baba ameingia. Kama hataki nyama, apate maziwa, mayai au dagaa. Kama hataki hata hivyo, amuone mtaalamu wa lishe mapema, na kliniki aseme waziwazi anakula nini.

Nne, mtoto akitimiza miezi sita, uji wake utiwe kitu: yai, maziwa, au dagaa waliosafishwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa si gharama kubwa. Mtoto anayeacha kufanya jambo alilokwishaliweza, kama kukaa au kucheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yule ndugu niliyemtaja mwanzo hadi leo hali nyama, na simlaumu. Lakini sasa nyumbani kwake kuna trei ya mayai kwa ajili ya watoto, mama anakunywa mtindi wake kila siku, na yeye ana vidonge vyake. Nami kila mama anaponiletea mtoto mweupe viganja, kabla sijashika kalamu, humuuliza kwanza: “Wewe mwenyewe unakula nini?”

Tunamuomba Allah (SW) atupe afya njema sisi na vizazi vyetu, na atunufaishe kwa tuliyoyasoma. Inshaallah tukutane wiki ijayo.

Wabillahi tawfiq.